Kriketi kando ya ziwa: yanayosemwa na yalivyo

"Ni mchezo wa Wahindi"

Ukitaja kriketi Mwanza, hili ndilo la kwanza kusikia, na ndilo jepesi kulijibu. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Entebbe kuna uwanja wa kriketi, na Juni 2024 Uganda iliishinda Papua New Guinea kwa wiketi 3 (ilibakiwa na wapigaji 3 wa kutolewa) kwenye Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila upande. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4 (kila ova ni mipira 6), akaruhusu mikimbio 4 tu, yaani pointi 4, na kuangusha wiketi 2, yaani kuwatoa wapigaji 2. Wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliifunga West Indies mwaka 2023. Vijana wetu wa Tanzania wa umri huohuo walifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza.

"Mechi inachukua siku tano"

Hiyo ni Test, aina ndefu ya kriketi, na inachezwa na mataifa 12 tu. T20 ni mipira halali 120 kwa kila upande. Ukianza saa nane mchana, kabla ya magharibi watoto wako nyumbani.

"Bila uwanja wa nyasi hakuna kriketi"

Mipango mingi hufia hapa, bure kabisa. Kinachohitaji usawa wa uhakika ni ile njia ya kati: mita 20.12 kutoka wiketi, vile vijiti vitatu vya upande mmoja, hadi wiketi ya upande wa pili. Kwa shule, zege la mita 25 kwa 2.4, unene sentimita 10, linatosha. Hiyo ni mita za ujazo 6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, andaa mifuko 40 hivi ya saruji. Lielekeze kaskazini na kusini. Huku karibu na ikweta jua huzama magharibi mwaka mzima, na mpigaji anayelitazama hauoni mpira.

Kabla ya saruji, angalia udongo. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, kazi ni rahisi: ondoa tabaka la juu, tandaza changarawe, shindilia. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ole wako ukimwaga zege moja kwa moja. Udongo ule huvimba masika na kupasuka kiangazi, nalo zege hupasuka nao. Uchimbwe utolewe, shimo lijazwe changarawe tabaka kwa tabaka, kila sentimita 15 zishindiliwe kwanza. (Kinachochekesha ni kwamba India udongo mweusi wa aina hiyo hutengenezea viwanja vikubwa. Lakini kule kuna mtu anayeumwagilia na kuupitishia roli siku hadi siku. Shule gani ya Ilemela ina roli?)

Fundi atataka kupiga niru ili ling'ae. Mkatalie. Juu ya zege linaloteleza mpira hauinuki. Asawazishe kwa ubao, basi. Limwagiliwe maji siku 7. Viungio visagwe viwe sawa na zege, maana mpira ukigonga ukingo uliochomoza hata milimita chache humpanda mpigaji usoni. Juu yake tandika mkeka wa makumbi, uvutwe ukaze na ufungwe kwa vigingi pande zote. Penye mkunjo mpira huruka unakotaka wenyewe. Mvua ikikaribia, ukunje uingize ndani, la sivyo utaoza.

Na usiliweke katikati ya uwanja wa soka. Golikipa mmoja akichanika goti juu ya zege, mwalimu mkuu atalifukia. Liweke pembeni, au kati ya viwanja viwili.

"Nyavu tunazo, tuko ziwani"

Nusu kweli, kwa wavu wa kuzuia mpira mazoezini. Wavu wa sangara wa inchi 6 hupimwa tundu likiwa limevutwa, kwa hiyo kila upande wa tundu ni sentimita 7.6. Mpira wa kriketi una kipenyo cha sentimita 7.2 hivi: unapita. Tafuta wa inchi 3 au 4, wa uzi mnene uliosokotwa. Wavu wa dagaa hukamata upepo kama tanga na kung'oa nguzo.

"Vifaa ni ghali"

Vya mpira wa ngozi, ndiyo. Mpira ule una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Bila kofia ngumu, glavu na pedi za miguu, usimpe mtoto. Anza na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme, kama wanavyocheza vijana wa mitaani Pakistan. Bati fundi seremala anaweza kulichonga kwa mti mwepesi, upana usizidi sentimita 10.8.

"ICC italeta pesa"

ICC ni Baraza la Kimataifa la Kriketi. Kwa mgawo wake ulioripotiwa wa 2024 hadi 2027, India peke yake inachukua asilimia 38.5. Wanachama wasio kamili (wasiocheza Test), ambao ni zaidi ya 90, wanagawana kama asilimia 11. Na fungu hilo huenda kwenye chama cha taifa, haliji shuleni kwako.

Kijana anaacha kriketi zaidi kwa kukosa mechi kuliko kwa kukosa bati. Shule 4 zikicheza nyumbani na ugenini, kila moja inapata mechi 6 kwa msimu. Kila mechi iwe na waamuzi wawili na waandishi wa alama wawili, wanaolinganisha daftari kila ova inapoisha. Zikitofautiana, mchezo usimame palepale zisahihishwe. Zikiachwa hadi ova ya 17, hakuna atakayekumbuka mkimbio ulipopotelea.