Je, wajua kwa nini buti la kazi huchosha kuliko mzigo wa mgongoni?

Jirani yangu hapa Chuno, Mtwara, ni fundi ujenzi. Juzi alirudi kutoka saiti mabuti kayashika mkononi, miguuni kavaa ndala. "Mjomba, haya madude yatanimaliza," akasema, akanionyesha kisigino. Lengelenge limepasuka, soksi imegandia kwenye ngozi. Kesho yake alikuwa anapanga kwenda na raba, kwenye saiti ambayo kila ubao wa zege umebanduliwa na misumari yake ikiwa imesimama.

Tukachukua buti moja tukaenda nalo duka la jirani, likawekwa kwenye mizani ya sukari: gramu 780. Kijana mmoja anayefanya kazi bandarini akavua lake, namba ileile 42: gramu 530. Mwenye duka akacheka. "Kwa hiyo robo ya sukari ndiyo inayokuliza?"

Ndiyo hiyo hiyo.

Mzigo wa mgongoni hukaa karibu na kiwiliwili na husonga mbele pamoja nacho, mwendo mmoja. Mguu una maisha mengine. Kila hatua unyayo hutua na kusimama tuli, hunyanyuka, hurushwa mbele kwa kasi kupita ya mwili wenyewe, kisha husimamishwa tena. Kazi ya kurusha na kufunga breki hufanywa zaidi na misuli ya nyonga na paja, wakati buti liko mwisho kabisa wa mguu. Chukua jembe, lishike karibu na chuma ulipunge hewani. Halafu lishike mwisho wa mpini ulipunge tena. Uzito ni uleule, lakini mkono utakwambia habari nyingine.

Watafiti wa jeshi la Marekani walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1969: kubeba uzito miguuni kunakula nguvu kati ya mara 4 na mara 6 kuliko kuubeba uzito huohuo kwenye kiwiliwili. Tofauti ya yale mabuti mawili kwa jozi ni nusu kilo, kwa hiyo jirani yangu alikuwa kama anatembea na kilo 2 hadi 3 za ziada mgongoni kutwa nzima. Au hesabu kwa njia nyingine. Kwa hatua 10,000, ambazo saidia fundi anazimaliza kabla jua halijazama, robo kilo ikinyanyuliwa kila hatua ni kilo 2,500. Tukichukua gunia la korosho kuwa kilo 80, hayo ni magunia 31, na hakuna anayekulipa ujira wa kuyapakia.

Sasa uzito wenyewe unatoka wapi? Wengi huilaumu kofia ya chuma inayofunika vidole. Ina mchango wake, ila mara nyingi mzigo mkubwa uko kwenye soli. Raba ngumu ni nzito. Povu la PU (poliyurethani, aina ya plastiki) linalowekwa kwenye soli ya kati halifikii nusu ya uzito wa raba kwa ujazo uleule. Kofia nayo siku hizi hutengenezwa pia kwa aluminiamu au kwa plastiki ngumu iliyofumwa na nyuzi za kioo. Hapo ndipo watu wanaposhtuka: plastiki ikinge tofali? Inakinga, mradi kiatu kimepimwa. Ukifunua ulimi wa buti ukakuta EN ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, maana yake kofia, iwe ya chuma au ya plastiki, inatakiwa kuhimili pigo la jouli 200, ambalo ni kama kitu cha kilo 20 kudondoka kutoka mita 1 hivi, na kuhimili kukandamizwa kwa uzito wa tani moja na nusu. Ukikuta EN ISO 20346, pigo ni jouli 100 tu. Namba hizo mbili zinafanana mno kwa mtu anayenunua haraka haraka. Kofia ya plastiki huwa nene kuliko ya chuma, kwa hiyo pua ya buti hutuna kidogo. Na ile hadithi ya vijiweni kwamba chuma kikibonyea kinakata vidole, iache hapo hapo kijiweni. Uzito wa kukunja chuma kile ungevisaga vidole vitupu zamani.

Kwetu pwani wepesi una adui wake, naye ni unyevu. Aina nyingi za PU huvunjwa polepole na mvuke wa maji, na joto huharakisha kazi hiyo. Kinachochekesha (kama si kuliza) ni kwamba kiatu kilichofungiwa ndani ya boksi kinaweza kuharibika kabla ya kinachovaliwa kila siku. Ndiyo maana mtu ananunua buti lililokaa stoo miaka mitano, linang'aa kabisa, anavaa Jumatatu, Jumatano soli inamegeka kama boflo lililokauka. Muuzaji ataapa ni jipya, na hadanganyi. Kwenye ulimi huwa pameandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Anza na hapo. Kisha bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha. Ikiacha unga au ikipasuka vinyufa vyembamba, rudisha rafuni hata kama bei imeshuka nusu. Nyumbani yaanike kivulini penye upepo. Kuyaanika juu ya bati la moto kunaua gundi na ngozi kwa pamoja.

Tena wepesi hauendi kila kazi. Vile viatu vya kitambaa chenye matundu, vinavyofanana na raba za mazoezi, vinafaa ghala la korosho au kazi ya kufunga vigae. Kwenye zege usivipeleke. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, inapenya kwenye kitambaa na kuunguza ngozi taratibu, na mtu hugundua jioni anapovua soksi. Siku ya zege ni siku ya gambuti lenye kofia, hata likiwa zito. Fundi umeme naye asidanganyike na alama ya kuondoa chaji ya mwili: hiyo si kinga dhidi ya shoti.

Kuhusu misumari, kinga inayowekwa ndani ya soli ni ya aina mbili: kuna bamba la chuma na kuna kitambaa kilichofumwa kwa nguvu sana. Kitambaa ni chepesi, kinapinda na mguu na kinafunika unyayo mpaka pembeni, lakini msumari mwembamba unaweza kupenya katikati ya nyuzi. Toleo la mwaka 2022 la kiwango cha EN ISO 20345 limetenganisha: herufi PL ni kitambaa kilichojaribiwa kwa msumari wa milimita 4.5, PS ni cha msumari wa milimita 3, na P peke yake ni bamba la chuma. Kwa mbao zetu ningechukua P au PS.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa. Jirani yangu anapokea kazi za mtaani kwa makubaliano ya mdomo, kwa hiyo alikwenda kununua mwenyewe. Nilimshauri aende jioni, maana mguu uliosimama kutwa kwenye joto huvimba, na buti linalokutosha asubuhi hubana saa kumi. Akaenda na soksi zake za kazini. Akakunja kila buti kuona linapinda pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Akavaa yote mawili, akachuchumaa, akapanda na kushuka kizingiti cha duka kama mara ishirini, mpaka mwenye duka akamuuliza, "Fundi, unanunua au unafanya mazoezi?"