Kinyama cha Mfuko wa Uzazi Kinasema Nini

Mama amekoma hedhi miaka kumi sasa, siku moja anaona damu. Mtaani Mbagala ataambiwa ujana umerudi. Haujarudi. Damu baada ya kukoma hedhi ndiyo dalili kuu ya saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, hata yakiwa matone tu yasiyo na maumivu. Wengi hukutwa na sababu nyepesi, ila huwezi kujua bila kupimwa.

Kinyama kinachochukuliwa huja kwetu maabara kikiwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Zamani tuliulizwa: ni saratani au siyo, na imefika wapi? Siku hizi tunaulizwa pia tabia yake, maana wagonjwa wawili wa hatua ileile, mmoja hupona kwa upasuaji tu, mwingine ugonjwa humrudia. Siri mara nyingi imo kwenye jeni.

Chukua jeni ya p53, inayoizuia seli iliyoharibika isigawanyike. Tunakata kinyama vipande vyembamba kuliko unywele, tunaweka kingamwili zinazonasa protini yake, na viini vya seli vinageuka kahawia. Kahawia iliyokolea kila mahali ni dalili mbaya. Lakini weupe mtupu nao ni mbaya vilevile, na hapo hata sisi wataalamu huhitaji macho mawili ya ziada! Inayotuliza moyo ni michanganyiko: hapa imekolea, pale imefifia.

Kuna pia protini nne, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zinazosahihisha makosa seli inaponakili vinasaba. Moja ikikosekana, tunauliza habari za ukoo: nani aliugua saratani ya utumbo mpana? Huenda ni hali ya kurithi iitwayo Lynch, na hapo dada na mabinti nao wanahusika.

Jeni ya POLE ni kioja. Uvimbe wenye hitilafu zake maalumu huonekana mkali kwenye hadubini, kumbe wagonjwa wake ndio wanaopona vizuri zaidi. Huu haupakwi rangi, husomwa vinasaba vyenyewe. Tangu 2023 mwongozo wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, unaruhusu majibu ya POLE na p53 kubadili hatua ya ugonjwa.

Yote haya hayafai kitu kama kinyama kimeozea kwenye chupa kavu, kwa joto hili la Dar. Kiingie formalini mara tu kinapotoka mwilini. Nawe mama, namba ya kinyama imeandikwa kwenye karatasi ya majibu. Ipige picha kwa simu kabla hujaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa sababu kipimo cha ziada hufanywa kwenye kinyama kilekile.