Usitoe fyuzi ya ABS, breki ikitetemeka iko kazini

Mvua imerudi Kampala na wiki hii mteja wa tatu kaja gereji na maneno yaleyale, eti fundi, nikikanyaga breki kwenye maji pedali inanigonga gagaga chini ya mguu, ABS imekufa, nitolee fyuzi. Jamani hapana! ABS ni mfumo wa breki unaozuia tairi kuloki, yaani kuacha kuzunguka huku gari inateleza, na kule kutetemeka ndiyo kazi yenyewe. Sensa za magurudumu zinasoma spidi ya kila tairi, moja ikitaka kuloki kompyuta inailegezea presha halafu inarudisha, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na hiyo presha ikienda na kurudi ndiyo unayoisikia mguuni. Mguu wa binadamu hauwezi kasi hiyo, wala hauwezi kuchagua tairi moja kati ya nne.

Kinachoniumiza ni hii ya kupampu, kukanyaga na kuachia breki harakaharaka. Gari za zamani ilikuwa sawa, wazee walifundishwa hivyo, lakini kwenye ABS kila ukiachia pedali unairuhusu gari ikimbie mbele. Huyu wa tatu nilitoka naye kwenye njia tupu iliyolowa, kilomita 30 kwa saa, nikamwambia kanyaga yote, pedali ilipogonga mguu ukaruka juu kama amekanyaga kaa la moto na gari ikapitiliza. Mara ya pili akashikilia mpaka mwisho huku anakata kona, gari ikageuka vizuri na kusimama. Faida yake ndiyo hiyo, usukani unabaki wako, maana tairi iliyoloki haigeuki popote hata uzungushe vipi.

Ila wanaosema ABS inafupisha breki kila mahali nao wanakosea. Kwenye murram iliyolegea, ile barabara ya udongo na changarawe, kama ilivyo kwenye theluji laini kwa wenzetu wa Ulaya, tairi iliyoloki inajikusanyia udongo mbele na kusimama mapema zaidi, kwa hiyo ukipita barabara za hivyo acha nafasi kubwa. Na tairi kipara ni kipara tu, nunua tairi kwanza.

Ile taa ya kagari kenye mistari ya nyoka ikipepesa ni TRC inazuia tairi kuzunguka bure ukikanyaga mafuta, si ugonjwa. Umekwama topeni na gari inakosa nguvu? Izime kwa swichi, ukitoka iwashe.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake bila kuzimika, breki za kawaida bado unazo, endesha taratibu uje ipimwe. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama hapohapo uite fundi.