Soko kufungwa sio watumwa kuachwa huru, jamani

Kila nikitembeza wageni pale Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa la Unguja, lazima atokee mtu aseme, tena kwa uhakika kabisa, ati 1873 soko lilifungwa, watumwa wote wakawa huru, wamisionari wakawafungulia shule. Juzi kasema mwalimu wa historia mbele ya wanafunzi wake! Nikasimamisha msafara palepale.

Sikilizeni. Mkataba aliosaini Sultan Barghash wa Zanzibar 1873 ulikataza biashara, yaani kuwasafirisha kwa bahari na kuwanadi sokoni. Aliyekuwa Pemba anachuma karafuu kesho yake aliamka mtumwa vilevile. Amri ya kuwaacha huru ilikuja 1897, na hapo napo ilibidi mtu aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake, bwana wake ndo akalipwa fidia, masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Wengi wa walioachwa huru kwa amri hiyo walikuwa watu wazima, Waislamu, sio hao waliojaza madarasa ya misheni.

Shule zilitangulia miaka mingi. Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kafika Unguja 1864, kaanza na watoto watano wa kiume waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, kapewa na Sultan Majid, aliyetawala kabla ya Barghash. Ikaendelea hivyohivyo, manowari za Waingereza zikikamata jahazi, wavulana wanapelekwa shule ya misheni Kiungani, wasichana Mbweni, zote hapahapa Unguja. Ni watoto waliotekwa bara, Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengi Kiswahili chenyewe wamejifunzia hapohapo. Kwahiyo ukisikia "mtumwa aliyeachwa huru" uliza kwanza: kaachwa na nani, mwaka gani? Mimi wanafunzi wote nawaambia waandike hilo swali kwenye daftari.

Mengine haraka haraka. Ati walifundishwa kusali tu: Askofu Steere, wa UMCA pia, aliwafundisha vijana kupiga chapa, na vitabu vya Kiswahili vikachapwa kwa mikono yao. Ati waliishia kuwa maboi: John Swedi, mmoja wa wale watano, akawa shemasi 1879, na Cecil Majaliwa, Myao, akapewa ukasisi 1890, kazi yake ikiwa Chitangali, upande wa Newala. Ati Freretown ya Mombasa, kijiji cha misheni cha watumwa waliokombolewa, 1875, ilikuwa ya wazungu watupu: kina William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliosomeshwa kwenye shule ya misheni Nasik kule India, walikuwepo Mombasa kabla hata ya Freretown.

Shule ya wasichana Mbweni, aliyoiongoza Caroline Thackeray tangu 1877, magofu yake yapo mpaka leo na sio mbali na mjini. Wageni wengi hawapelekwi, na inaniuma kwelikweli.