Toni ya gwiji wa gitaa ndani ya modela: dhana potofu na ukweli wake

Mtu akipata modela ya dijitali, yaani kifaa kinachoiga amplifaya, spika na pedali za gitaa, kishawishi cha kwanza ni kufungua mpangilio uliopewa jina la Eddie Van Halen wa bendi ya Van Halen au Brian May wa Queen na kungoja muujiza. Mara nyingi kinachotoka ni sauti nyembamba yenye mvumo wa nyuki, na lawama zote huiangukia mashine. Lakini kabla ya kuilaumu, kuna swali ambalo wengi hatujiulizi: tunachokisaka ni amplifaya ya yule gwiji, au ni rekodi yake? Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Dhana: Nikichagua amplifaya ileile na pedali zilezile, toni itakuwa ileile

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Sauti iliyomo kwenye rekodi imepita kwenye spika, maikrofoni, chumba, meza ya miksi na mikono ya fundi mitambo kabla ya kukufikia. Chukua albamu ya kwanza ya Van Halen, ya mwaka 1978. Kila mpenzi wa gitaa anaijua ile amplifaya ya Marshall ya wati 100. Wasilolijua wengi ni kwamba gitaa liliwekwa upande wa kushoto na mwangwi wake ukasikika kulia. Ukiipiga toni hiyo katikati, kavu, bila mwangwi, itakonda hata kama kila nobu iko mahali pake.

Kuna na suala la umeme. Van Halen aliichomeka Marshall yake kwenye Variac, kifaa cha kupandisha na kushusha volti, akaiendesha kwa volti 90 hivi, chini ya kiwango cha kawaida cha Marekani. Utamu wa kisa hiki ni kwamba awali aliwaambia waandishi kuwa anaupandisha umeme, na waliomfuata kwa imani wakahatarisha amplifaya zao bure. Modela za kampuni ya Fractal zina kipimo cha Variac ndani ya ukurasa wa amplifaya. Kishushe upendavyo, hakuna kitakachoungua.

Mfano mwingine ni gitaa la Mark Knopfler kwenye “Money for Nothing” ya Dire Straits, ya mwaka 1985. Fundi Neil Dorfsman ameeleza kwamba maikrofoni zilikuwa bado hazijapangwa, moja ikiwa imeelekea sakafuni. Sauti iliyosikika chumba cha mitambo ikawa nzuri kiasi kwamba ziliachwa hivyohivyo. Unaweza kuipitia orodha nzima ya amplifaya za modela yako usiipate toni hiyo, kwa sababu sehemu yake kubwa haikuwa kwenye amplifaya.

Dhana: Kabineti na maikrofoni ni mapambo ya mwisho

Kinyume chake, mimi ningeanzia hapo, kwenye kabineti, yaani sanduku la spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti za juu kama spika ya muziki wa nyumbani: ikishapita kilohezi 5 hivi, inaporomoka. Ndiyo maana amplifaya yenye mkwaruzo (distortion) mwingi haitoboi masikio. Zima kabineti kwenye modela uone: ule mvumo wa nyuki ndio mkwaruzo usiochujwa na spika.

Modela nyingi huiiga spika kwa faili fupi la sauti lililonaswa kutoka kabineti halisi, kwa maikrofoni fulani iliyosimama mahali fulani. Sogeza maikrofoni hiyo kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni na sauti itabadilika kuliko ukihama kutoka Marshall moja kwenda nyingine. Kwa hiyo chagua kabineti kwanza, halafu maikrofoni, halafu nafasi yake, ndipo urudi kwenye nobu za besi na trebo. Ukibakiwa na ukali, punguza sauti za juu kuanzia kilohezi 6 au 7. Chini nako kata kwenye hezi 80: uzi mnene kabisa wa gitaa, ukiwa kwenye tyuni ya kawaida, hutoa noti ya hezi 82, basi chini ya hapo unachopoteza ni ngurumo tu.

Kosa linalojirudia: modela yenye kabineti ya kuigiza inachomekwa mbele ya amplifaya ya gitaa. Sauti inapita kwenye spika mbili, moja ya uongo na moja ya kweli, inatoka kama imefungiwa sandukuni. Zima ile ya kuigiza.

Dhana: Roki ni gaini nyingi

Gaini, yaani kiasi cha kuikuza sauti ndani ya amplifaya mpaka ikwaruze, ikizidi, noti hubanwa zote zikalingana kimo, na ile nguvu ya piki, kile kidude cha kupigia nyuzi, kugonga uzi inapotea. Magitaa ya ndugu wawili wa AC/DC, Angus na Malcolm Young, yana mkwaruzo mdogo kuliko wanavyodhani wanaowaiga. Uzito unatokana na magitaa mawili yanayopiga kwa umoja. Brian May huiacha amplifaya yake ya Vox AC30 ikiwa imefunguliwa sana, mbele yake kukiwa na kifaa cha kukuza trebo, kisha anapunguza na kuongeza mkwaruzo kwa nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa lenyewe. Watu wengi hawaigusi nobu hiyo kamwe. Shusha gaini mpaka uanze kuona upigaji umekuwa kazi, rekodi, kisha sikiliza pamoja na ngoma na besi.

Dhana: Toni ikinoga kwenye hedifoni usiku, itanoga popote

Sikio halikubali. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, besi na sauti za juu kabisa hupungua masikioni kuliko zile za kati. Hivyo usiku unaongeza besi na trebo kufidia, kesho yake jukwaani gitaa linanguruma na kuchoma. Panga toni kwa sauti utakayoitumia, au angalau iliyo karibu nayo.

Dhana: Toni iko vidoleni, vifaa ni porojo

Huu ni ukweli nusu, na nusu ukweli husumbua kuliko uongo mzima. Vidole vina kazi kweli: Knopfler hupiga bila piki, na namna anavyouchomoa uzi hakuna pedali inayoiiga. May hutumia sarafu ya zamani ya peni sita ya Uingereza badala ya piki ya plastiki, na ukingo wake wenye vijino hutoa mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa noti.

Lakini gitaa la May, Red Special, alilolianza na baba yake mwaka 1963, lina pikapu tatu (vinasa vya mtetemo wa nyuzi) zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na swichi ya kuwasha na swichi ya kugeuza fezi, yaani kuupindua mwelekeo wa wimbi lake. Baadhi ya sauti zake za puani hutoka kwenye swichi hizo. Modela hupokea kile tu ambacho gitaa limetuma. Mchanganyiko ambao waya za gitaa lako haziwezi kuutoa, hutaupata kwa kuzungusha nobu za AC30.

Na nyuzi nene, zinazosemwa kunenepesha toni? Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluzi, alisifika kwa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, wa inchi 0.013, akitelemsha tyuni nusu toni. Billy Gibbons wa ZZ Top hutumia wa 0.007, na sijawahi kusikia mtu akisema toni yake ni nyembamba.

Dhana: Faili lenye jina la gwiji ni amplifaya ya gwiji

Teknolojia ya kunasa amplifaya, iliyopata umaarufu kwa modela za Kemper na sasa ipo hata kwenye programu ya Neural Amp Modeler isiyolipiwa, huipiga amplifaya picha ikiwa kwenye mpangilio mmoja. Faili lililoandikwa “Hendrix” kwa kawaida ni Marshall ya mtu mwingine, ikiwa na maikrofoni ya mtu mwingine. Linaweza kuwa zuri sana, ila jina hilo lisikuzuie kulibadilishia kabineti.

Dhana: Dijitali inachelewa, na wakongwe hawaigusi

Modela nzuri huchelewa milisekunde chache. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 3 ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye spika. Anayelalamika kuchelewa kwa kiasi hicho amekuwa akivumilia zaidi kila alipopanda jukwaani.

Kuhusu wakongwe: Desemba 2013 Metallica walipiga kwenye kituo cha Carlini huko Antaktika bila spika jukwaani, hadhira ikisikiliza kwa hedifoni na magitaa yakipita kwenye Axe-Fx, modela ya Fractal. Ziara zilizofuata, mashine hizo walikwenda nazo.