Sumaku ya kompyuta mbovu isiende tanuruni

Fundi mmoja wa Mabatini, hapa Mwanza, alinifungulia "hadi diski" (hard disk), kifaa cha kuhifadhia data, ya kompyuta iliyokufa. Skrubu saba za nyota, kifuniko kikatoka, na pembeni tukaona vibati viwili vya chuma. Kila kibati kimebandikwa kipande king'aavu kilichopinda kama ndizi changa. Alipovitenganisha, vikamponyoka na kugongana kwa kishindo, vikambana ngozi ya kidole. Akavitupa kwenye lundo la skrepa.

"Hicho hakina uzito, mama," akaniambia. "Mizani haikioni."

Yeye analipwa kwa kilo, kwa hiyo simlaumu. Lakini alichotupa ni sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, sumaku ya kudumu yenye nguvu kuliko zote zinazouzwa leo. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Japani na Marekani kwa wakati mmoja. Karibu theluthi ya uzito wake ni madini adimu (rare earths), hasa hiyo neodimiamu. Mota ya gari la umeme hubeba kilo moja hadi mbili za sumaku hizi, na mitambo mikubwa ya upepo isiyotumia giaboksi huhitaji kama kilo 600 kwa kila megawati.

Kuyapata madini hayo ardhini ni kazi nzito. Tanzania tunayo, Ngualla mkoani Songwe, lakini kuchimba ni hatua ya kwanza tu. Mwamba unapondwa, unapikwa kwa asidi, kisha elementi zinatenganishwa moja moja, nazo zinafanana mno. Jina neodimiamu lenyewe maana yake ni "pacha mpya": mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach aligawanya kitu kilichodhaniwa kuwa elementi moja, akakuta ni mbili. Leo sehemu kubwa ya usafishaji huo hufanyika China. Aprili 2025 China ilipobana usafirishaji wa baadhi ya madini haya, viwanda kadhaa vya magari nje ya nchi hiyo vilisimamisha uzalishaji kwa muda.

Sasa fuatilia ile sumaku ya Mabatini. Ikiingia tanuruni pamoja na vyuma chakavu, chuma chake kinakuwa nondo. Neodimiamu inashikana na oksijeni na kuishia kwenye mavi ya chuma, imetawanyika kiasi kwamba hakuna atakayehangaika kuitoa. Hapo ndipo tunapoipoteza, na ndiyo maana nasema kazi ya kuiokoa inaanzia kwenye bisibisi ya fundi.

Ikitolewa nzima, mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Katika njia iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, sumaku huwekwa ndani ya chombo na kupewa gesi ya haidrojeni. Gesi inapenya, sumaku inavimba na kumomonyoka kuwa unga, kama udongo mkavu wa mfinyanzi unavyosambaratika ukimwagiwa maji. Ganda la nikeli linachujwa, unga unashindiliwa na kuchomwa upya, inazaliwa sumaku nyingine.

Mwanza hatuna mtambo huo. Tunachoweza ni kukusanya. Itoe sumaku pamoja na kibati chake, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ikijaa ipelekwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Usiigonge kwa nyundo, inavunjika kama kigae na vipande vinaruka machoni. Usiisage kwa grainda, unga wake unashika moto. Mtoto asiiguse kabisa: akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Zile nyeusi za spika ni za aina nyingine, za bei rahisi, zisichanganywe.

Fundi aliniuliza kama inafaa kuanza sasa, maana kompyuta mpya nyingi hazina tena hadi diski ya kuzunguka. Nikamwonyesha pikipiki ya umeme iliyokuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma, na humo sumaku zimepangwa duara zima.

Akavuka kwenda kuitazama.