Ateri kukakamaa: umri na jinsia vinahusikaje?

Ukipimwa presha katika kituo cha afya, iwe Jinja au Arua, unaandikiwa namba mbili, na wengi wetu huuliza ile ya juu tu. Pengo lililo kati ya namba hizo mbili nalo lina habari: linadokeza jinsi ateri zako zilivyokakamaa.

Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni. Iliyo kubwa kuliko zote, aota, hutanuka kila moyo unaposukuma, ikahifadhi sehemu ya damu, kisha ikajirudi na kuipeleka mbele moyo ukiwa umepumzika. Ateri iliyokakamaa imepungukiwa na uwezo huo. Jambo hili si sawa na mafuta kuganda ndani ya mshipa. Mtu anaweza kuwa na mishipa isiyoziba popote na bado ikawa migumu.

Kinachoupa ukuta wa aota mnyumbuko ni nyuzi za elastini, na karibu zote hutengenezwa tukiwa tumboni na utotoni. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika huitanua aota zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Nyuzi huchoka na kukatika kama mpira wa manati, na kolajeni, iliyo ngumu zaidi, hushika nafasi. Basi hata asiyevuta sigara, asiye na kisukari wala presha, naye ateri zake hukakamaa, ila polepole.

Wataalamu hupima kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kinenani: ukuta ukiwa mgumu, wimbi hukimbia zaidi. Kwa kijana mzima aliye chini ya miaka 30 ni kama mita 6 kwa sekunde. Kwa aliyevuka 70 mara nyingi hufika 10 au zaidi. Vifaa hivyo havipatikani katika vituo vya kawaida, kwa hiyo turudi kwenye pengo letu. Baada ya miaka 50 hadi 60 namba ya juu huendelea kupanda huku ya chini ikianza kushuka. Mzee mwenye 160 kwa 70 asipongezwe kwa ile 70! Pengo la 90 ni kubwa mno.

Kwa jinsia, mambo hayaendi kwa mstari mnyoofu. Katika umri wa kuzaa, ateri za wanawake kwa kawaida si ngumu kuliko za wanaume wa rika lao, pengine ni laini kidogo. Hedhi ikishakoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, kukakamaa huongeza kasi, na kupungua kwa homoni ya estrojeni kunahusishwa sana na badiliko hilo. Kimo cha mtu nacho kinahusika. Wimbi la mapigo hugonga matawi ya mishipa na kurudi. Kwa mwenye mwili mfupi njia ni fupi, basi hurudi mapema, moyo ukiwa bado unasukuma, na kuuongezea mzigo. Wanawake wengi ni wafupi kuliko wanaume, lakini mwanamume mfupi naye hasalimiki. Ndiyo maana kipimo cha mama wa miaka 60 hulinganishwa na cha wanawake wa rika lake, si cha mwanawe wala cha mumewe.